Wa Kuitikia

Kilole, Korogwe
3 Juni 1997

Mwanangu Sipora,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapotaka kurekodi sauti ya mtu aliye mbali ni kudhani kwamba simu inayosikika vizuri sikioni itasikika vizuri na kwenye mkanda. Haiwi hivyo. Sikio lina huruma. Likikosa nusu ya neno hujazia lenyewe, kwa sababu linamjua anayesema na linamtakia mema. Mkanda hauna huruma hata kidogo. Unashika unachopewa, na simu haiupi ila sauti iliyobanwa pua.

Nakueleza haya kwa sababu katika barua yako umeandika, "Mwalimu, si tupige simu tu urekodi?" Hapana. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni hiyo yako, nami nimeshaikataa. Ya pili ni redio ya mawasiliano ya misheni, ambayo anasema mmoja, anamaliza, anaachia kitufe, ndipo mwingine aseme. Bibi yako Naisiae hataiweza, na hata mimi hunichosha. Ya tatu ndiyo nzuri. Picha za video za kisima chenu alizopiga Lukasi, yule kijana wa video, ninazo mimi hapa chumbani kwangu. Bibi mnaye ninyi. Mtampeleka misheni Handeni siku ile anayokwenda kuangaliwa macho. Hapo utaweka mbele yake kinasa sauti changu ninachokutumia, kirekodi palepale, sauti nzima, bila kupita kwenye waya. Simu itakuwa ya kuelekezana tu: mimi natazama picha, nakwambia, "Sasa ni kisima kwa karibu," wewe unamnong'oneza, yeye anasema. Kisha kaseti inakuja Korogwe kwa basi, nami naiweka sauti juu ya picha. Simu itaongoza, kaseti itabeba.

Kwa nini nataka usafi huu wote? Wiki iliyopita gari la yule mwekezaji lilipita hapa stendi likielekea kwenu, na vipaza sauti viwili juu. Wamemchukua msomaji wa matangazo kutoka Dar es Salaam, sauti laini kama samli, anawaambia watu kwamba eneo la kisima ni pori lisilo na mwenyewe, na kwamba uzio utaleta maendeleo. Pori lisilo na mwenyewe! Nilimfundisha baba yako, Kisioki, na najua alikunywa maji ya wapi. Chai yangu ilipoa mkononi kwa hasira. Zamani redio ilikuwa moja na mtu akisema uongo ndani yake tulijua pa kumwendea. Siku hizi soko ni huria na uongo nao umefungua duka.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji wa kuamua juu ya eneo hilo ukifika, sauti ya bibi isiwe duni kuliko yao hata chembe. Wanakijiji wamsikie mjane wa Kiseyian akieleza jinsi mume wake na wenyeji Wazigua walivyokichimba kile kisima pamoja na wakakubaliana nini. Wasisikie kuku, wala kikohozi, wala upepo.

Funga madirisha. Tundika mablanketi ukutani, kama mimi nilivyotundika magunia ya katani. Maikrofoni iwe umbali wa shubiri moja na mdomo wake. Na mtu yeyote asiyesema anyamaze kabisa.

Wako,
Mwl. Fransisko Mhina


Kwamsisi
19 Juni 1997

Mwalimu Mhina,

Shikamoo. Kaseti ndiyo hiyo, kondakta ameahidi kuiweka mbali na injini. Kinasa sauti nacho ni kizima.

Mimi sijui kama ni mzima. Mwalimu, ulinipigia kelele mbele ya masista. Sauti yako ilitoka kwenye mkonga wa simu ikajaa ofisi nzima, sista mmoja akaacha kuandika akanitazama kama niliyeiba. Tulifunga madirisha. Mablanketi tulitundika hadi mle ndani tukatoka jasho. Kuku wa misheni walifukuzwa na daktari wa misheni, mtu mzima mwenye shahada. Wewe bado ukawa unasema, "Nani huyo anaguna? Nani huyo?"

Huyo ni Mzee Nkoitiko. Ni mdogo wake marehemu babu Kiseyian. Alikuja na bibi kwa sababu bila yeye bibi hasemi jambo kama lile. Uliposema anyamaze, ujumbe nilimpa.

Bibi alisema vizuri, hata mimi nimesikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Alipokuwa anarudi kwenye gari aliniuliza, "Yule mwalimu wenu ana ugomvi na nani?" Nikamwambia, na mwekezaji. Akasema, "Basi ampigie kelele mwekezaji."

Mimi nafikisha tu.

Sipora Kisioki
Katibu, kikundi cha wafugaji


Kilole, Korogwe
2 Julai 1997

Mwanangu Sipora,

Marahaba. Kazi imekwisha, na leo nakuandikia nikiwa na furaha ya fundi, ingawa hasira haijaniisha.

Kwanza furaha. Bibi yako ana sauti ambayo nilikuwa naitafuta miaka yote niliyoandaa vipindi vya redio vya shule Dar es Salaam na sikuipata kwa watu waliosomea kusema. Ni nzito, imetulia, na Kiswahili chake cha mnadani hakina neno moja la kupoteza. Anaposema, "Tulipofika kwenye jiwe wanaume walikaa chini wakalitazama," mimi mwenyewe nililiona.

Sasa hasira. Ulisema ujumbe ulimpa Mzee Nkoitiko. Naona aliupokea akaugeuza, kwa maana tangu pale nilipotaka anyamaze ndipo alipoongeza! Bibi akimaliza kila maneno matano, mzee huyo hapo: "Ee." Akisema jiwe, naye "Jiwe, ee." Akitaja maji, naye "Maji." Nilijua mtu wa kumshika mkono kipofu ni wa lazima, lakini kumshika mkono hakuhitaji mdomo. Nilidhani ananidhihaki.

Hata hivyo sikukata tamaa, na hapa nataka ujifunze kitu. Niliihamisha kaseti kwenye mkanda mpana wa ile mashine yangu ya zamani. Mkanda mpana unaweza kuukata kwa wembe na kuuunga kwa gundi yake. Nikatafuta kila "ee" kwa sikio, nikauzungusha mkanda kwa mkono mpaka mahali penyewe, nikakata, nikaunga. Magoti yangu yameuma, macho yameuma. Vipande vilijaa sakafuni kama nywele kwa kinyozi, nikavifagia nikavitupa. Lakini sasa mzee huyo hayupo. Ungeniuliza alikuwa upande gani wa chumba, nisingeweza kukuambia. Bibi anasema peke yake, safi, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nimeiweka sauti kwenye picha, na kwa ajili yenu nimeinakili pia kwenye kaseti yenu ileile, juu ya sauti ya kwanza, maana ni kaseti nzuri na ile chafu haina kazi tena. Lukasi atatoka Kwamndolwa Jumamosi na televisheni na jenereta, awaonyeshe kwanza wenyewe kwenye boma la bibi kabla ya mkutano. Msomaji wa Dar es Salaam na aje sasa.

Wako,
F. Mhina


Kwamsisi
8 Julai 1997

Mwalimu Mhina,

Shikamoo naitoa kwa sababu nimelelewa.

Lukasi alikuja. Watu walikaa, ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa, bibi aliwekewa kiti mbele ya televisheni ingawa haoni. Mzee Nkoitiko alikaa pembeni yake na fimbo yake, amevaa shuka jipya. Picha ikatoka, kisima kikaonekana, vijana wakapiga miluzi. Kisha bibi akaanza kusema.

Miluzi ikakatika. Alisema sentensi ya kwanza, akasema ya pili, akasema ya tatu. Anakimbia, Mwalimu. Anasema kama mtu anayefukuzwa. Wanaume walianza kutazamana. Mmoja akauliza, "Anaongea na nani huyu?" Mwingine akasema, "Hana mtu." Mama mmoja akatoka nje.

Wewe ni mtu wa kueleza, basi leo ngoja nikueleze mimi. Kwetu mtu mzima akisema neno zito, yupo wa kuitikia. Si mtu yeyote. Ni anayelijua neno lenyewe. Bibi alisema "tulipofika kwenye jiwe", na Mzee Nkoitiko ndiye aliyekuwa juu ya shimo akivuta udongo kwa ngozi ya ng'ombe, kijana wa wakati ule, na wote wengine wamekufa. Akisema "Jiwe, ee," maana yake ni nilikuwepo, ni kweli, endelea. Kila "ee" ni shahidi anasimama. Asipoitika, maana yake ni naona unasema uongo lakini nakuheshimu, nanyamaza. Hivyo ndivyo mzee anavyomkana mtu kwetu. Kwa kunyamaza.

Umechukua wembe ukawatoa mashahidi wote. Umemfanya bibi yangu akanwe mbele ya watoto wake, sentensi kwa sentensi, kwenye televisheni ya rangi.

Bibi alisubiri mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nkoitiko alikuwepo. Nilimsikia kwa masikio yangu. Mbona hapa amenikataa?" Mzee Nkoitiko akasimama akasema, "Shemeji, mimi sikukataa. Wewe ndiye uliyewaambia wanitoe." Bibi akasema, "Mimi?" Yeye akasema, "Nani basi?" Akachukua fimbo akaondoka. Hawa wawili hawajawahi kukosana tangu babu afe. Yeye ndiye aliyekuwa akimletea maziwa kila asubuhi.

Bibi hasemi tena. Nilimwomba arudie, nikamwambia tutarekodi upya hata kesho. Akasema, "Nimeshasema, sikuitikiwa." Akajifunika.

Na wewe, Mwalimu! Wewe ni Mzigua. Bibi yako alipokusimulia hadithi jikoni, ninyi watoto mlikaa kimya kama mawe? Au mlikuwa mnaitikia?

Nataka ile kaseti ya kwanza. Ile unayoiita chafu.

Sipora


Kilole, Korogwe
14 Julai 1997

Binti Sipora,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Kaseti ya kwanza haipo. Nilikuandikia kwamba nimeinakili juu yake. Uliyo nayo ndiyo hiyo hiyo. Ule mkanda mpana nao umekatwa, na vipande vimechomwa pamoja na taka.

Sasa nikuulize. Ni nani aliyenieleza haya kabla? Umeniandikia, "bila yeye bibi hasemi." Mimi nikaelewa anamwongoza njia, maana ni kipofu. Wino ulikuishia? Mistari mitatu tu ungeiongeza, leo kisima kingekuwa na shahidi. Mtu anaweka desturi yake mfukoni, halafu mgeni akiikanyaga anapiga ukunga! Na huyo Mzee Nkoitiko, kama aliambiwa anyamaze, kwa nini hakusema mwenyewe, "Mwalimu, siwezi kunyamaza kwa sababu hii na hii"? Simu ilikuwa pale. Mimi nina masikio.

Kuhusu bibi yangu wa Kizigua, hadithi za jikoni ni hadithi za jikoni, na kazi ya sauti ni kazi ya sauti. Nimefundishwa na watu wanaoijua. Somo la kwanza walilotupa ni kwamba mtu asiyesema mbele ya maikrofoni hana haki ya kusikika. Nimelishika somo hilo nikiwa na nywele nyeusi.

Na usiniambie nimemkana mtu. Nimekaa hapa na magoti haya, bila kuombwa mara mbili, kwa ajili ya kisima ambacho mimi sichoti maji yake.

F. Mhina


Kwamsisi
17 Julai 1997

Mwalimu,

Kwa nini Mzee Nkoitiko hakukujibu? Kwa sababu hukumwambia yeye. Uliniambia mimi. Ulisema, "Mwambie huyo mzee anyamaze!" Mimi nikamgeukia nikamwambia, "Mwalimu anasema sauti yako inafika vizuri sana, ongeza kidogo."

Ungetaka nifanyeje? Mtoto wa Kisioki amwambie mdogo wa babu yake afunge mdomo, mbele ya bibi, kwa amri ya simu? Nilidhani ukisikia kaseti utaelewa mwenyewe. Nilidhani mtu aliyesoma vile atajua kusikia.

Ndiyo maana ameumia kuliko ninavyoweza kukuandikia. Aliambiwa sauti yake inafika vizuri. Akavaa shuka jipya aje kuisikia. Akaikosa. Sasa anajua kwamba tumemdanganya, na ni kweli. Wewe kwa wembe, mimi kwa mdomo. Lakini yeye anadhani ni bibi.

Amehamishia ng'ombe wake upande wa pili wa korongo. Maziwa ya bibi nampelekea mimi, hayanywi.

Mwenyekiti ameuvuta mkutano karibu, ni tarehe mbili Agosti. Gari la vipaza sauti linapita asubuhi na jioni. Juzi limepita wakati bibi amekaa mlangoni. Lilipokwisha kusema pori halina mwenyewe, akasema taratibu, "Hata huyu anasema peke yake."

Usinieleze kitu kingine. Umeeleza vya kutosha.

Sipora


Kilole, Korogwe
24 Julai 1997

Mwanangu Sipora,

Umenikataza kueleza. Nitaeleza kidogo, kisha utafanya utakavyo.

Siku ile ya simu nilikuwa na kinasa sauti kingine, kibovu, nilichokifunga kwenye mkonga wa hapa kwangu. Sikukiweka kwa ajili ya sauti. Nilikiweka ili baadaye nijue ni neno gani liliangukia picha gani. Nilipomaliza kazi nilikisahau. Kaseti yake ilikuwa chini ya redio, na mke wangu Elina ameikuta alipokuwa anafagia, akaniuliza kama aitupe. Nilimpokonya, naye akaniambia, "Umeanza na watoto wa watu, sasa umefika kwangu."

Nimeisikiliza. Sauti yake ni ile niliyokuonya katika barua yangu ya kwanza. Imebanwa pua, na nyuma yake kuna mlio kama maandazi yanakaangwa. Fundi yeyote angeitupa dirishani. Lakini wote wawili wamo. Bibi anasema, "Tukachimba mpaka wanaume wakachoka." Yeye anasema, "Tukachoka, ee." Bibi anasema, "Kiseyian akasema, atakayekuja na kiu asiulizwe kabila." Yeye anasema, "Asiulizwe." Pale maji yanapotoka wanasema pamoja, neno lilelile, kwa wakati mmoja. Mahali hapo nilipapiga wembe mara nyingi kuliko pengine pote, kwa sababu walikuwa wamepandana, na nilijisifu nilipofaulu kuwatenganisha.

Nilikasirika, Sipora. Nilikukasirikia wewe kwanza, kwa kuwa ni rahisi. Kisha nikawakasirikia walionifundisha. Baadaye nikakumbuka kwamba jikoni kwa bibi yangu tulikuwa tunaitikia. Aliyesinzia asiitike alipigwa kijiko mkononi, maana bibi alisema hawezi kutembea ndani ya hadithi peke yake. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Hakuna aliyelificha.

Kuna jambo jingine. Kwa kuwa ni kaseti ya simu, mimi nimo. Pale katikati nasikika nikifoka, "Mwambie huyo mzee anyamaze!" Sauti yangu ndiyo safi kuliko zote, maana nilikuwa karibu na mashine. Na baada yangu unasikika wewe, kwa mbali lakini unaeleweka, ukimwambia aongeze.

Niliiweka kwenye mkanda mpana ili nipunguze ule mlio. Nikafika mahali penyewe. Nikachukua wembe. Ni kipande kifupi tu, na kukitoa ni kazi ya mtu kunywa maji. Hakuna ambaye angejua, nami ningebaki mwalimu mbele ya kijiji kizima, na wewe ungebaki mtoto mwema mbele ya Mzee Nkoitiko. Nimeurudisha wembe kwenye karatasi yake. Mkanda mpana nimeufuta, na kaseti nakuletea kama ilivyo. Sina nakala. Sikutaka kuwa nayo.

Usiipeleke mkutanoni kwanza. Uwapelekee wawili hao, wakae pamoja, wasikilize. Huyo mzee akikataa kuja, mwambie mwalimu aliyemfokea anaomba asikilizwe akifoka.

Fransisko Mhina


Kwamsisi
4 Agosti 1997

Mwalimu,

Shikamoo.

Nilivuka korongo mwenyewe. Mzee Nkoitiko hakuniitikia salamu. Nikamwambia ulivyosema. Akasema, "Anaomba asikilizwe akifoka? Huyo ni mgonjwa?" Lakini alikuja, nadhani kwa ajili ya kumwona mgonjwa.

Hawakusalimiana. Niliwasha. Ule mlio wa maandazi ulipoanza bibi akauliza kama ni mvua. Kisha akajisikia akisema, na akasikia, "Ee." Aligeuza uso upande wa kile kinasa kama mtu aliyeitwa jina. Kila alipoitikiwa, mkono wake ulipiga goti kidogo. Mzee Nkoitiko alikuwa anatazama chini.

Tukafika kwako. "Mwambie huyo mzee anyamaze!" Mzee akainua kichwa. Kisha mimi nikasikika nikisema, "Mwalimu anasema sauti yako inafika vizuri sana." Mwalimu, alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze, nikakiri yote, hata habari ya wembe. Bibi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Nkoitiko, umedanganywa na mtoto!" Mzee akasema, "Shemeji, na wewe umekatwa na mzee!" Akaniambia mimi, "Huyo mwalimu wako ana sauti ya dume lililofungwa kamba fupi." Kisha akaomba maziwa, akampa bibi yeye mwenyewe. Bibi akanywa.

Mkutanoni tuliipiga kaseti hiyohiyo, bila picha. Mwenyekiti alitaka tupunguze, eti ina kelele. Mtu wa mwekezaji alicheka mwanzo, akasema hiyo ni redio ya wapi. Wafugaji walikuwa wameshaanza kuitikia taratibu pamoja na Mzee Nkoitiko wa kwenye kaseti, na Mzee Nkoitiko wa kwenye benchi naye anaitikia, wawili. Wakulima walikuwa kimya. Ikafika pale pako. Ulipofoka anyamaze, Mama Zuena, yule Mzigua anayelima karibu na kisima, akasimama na mtoto mgongoni akapiga kelele, "Asinyamaze! Kwa nini anyamaze?" Wanawake wote wakadaka, "Asinyamaze!" Kuanzia hapo waliitikia wote, Mwalimu. Maasai, Mzigua, mpaka yule mzee wa duka la chumvi. Bibi aliposema asiulizwe kabila, mkutano mzima ukasema, "Asiulizwe!" Mwenyekiti alipiga meza, hatukumsikia.

Mwekezaji hakugawiwa kisima. Imeandikwa na imesainiwa. Mtu wa mwekezaji amesema atakwenda wilayani, nasi tumesema tutakwenda pia, na televisheni.

Kwa ajili ya hiyo televisheni bibi na Mzee Nkoitiko wamerekodi tena, hapa nyumbani. Mimi nilibonyeza tu nikatoka nje. Kuku wamo. Nikuletee kaseti uiunganishe na picha?

Usidhani hasira imeniisha. Bado ninayo, ya kutosha mpaka Krismasi. Lakini bibi ameniambia nikuandikie kwamba ulipofoka ulisaidia, na kwamba ujifunze kufoka mahali panapostahili.

Sipora Kisioki


Kilole, Korogwe
9 Agosti 1997

Mwanangu Sipora,

Marahaba. Nimemsomea Elina barua yako. Ameniita dume la kamba fupi tangu jana, na nadhani jina limeshakaa.

Niletee kaseti. Nitaiweka juu ya picha kama ilivyo, na pale ambapo picha itaisha kabla ya "ee" ya mwisho, picha itasubiri. Kuku wabaki. Baki na hasira yako pia, wilayani mtaihitaji, na yangu nawaongezea.

Kuna jambo moja tu la ufundi. Mgongoni mwa kila kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Vikiwepo, mtu yeyote mwenye kidole anaweza kurekodi juu ya kilichomo, na kilichokuwemo kisirudi tena. Vikivunjwa, mashine inakataa hata ukiilazimisha. Nilijua hilo tangu kaseti zilipoingia nchini, na sikuwahi kuvunja kimoja, kwa kuwa nilijiona ndiye mwenye haki ya kuamua nini kibaki.

Msalimie bibi. Mzee Nkoitiko mwambie shikamoo, na usiibadilishe njiani.

Wako,
Fransisko Mhina

Leo hii, kabla hujampa kondakta kaseti hiyo, chukua ncha ya kisu uvunje vijino vyote viwili.